Mintarafu ya Homa Mpya na Shaka za Watu wa Muleba

Kila inapotangazwa kwamba kumezuka homa mpya ya mafua katika pande fulani za dunia, iwe imetoka kwa nguruwe, au kwa ndege, au kwa mnyama asiyejulikana bado, habari hiyo hufika Muleba kwa njia mbili zisizosikilizana: hufika kwa redio, kwa sauti ya afisa asomaye waraka uliotungwa mbali, na hufika kwa simu, kwa sauti ya mtu asiye jina aliyerekodi maneno yake na kuyaachia yazunguke, akiapa kwamba maradhi hayo hayapo, au yapo lakini yametengenezwa, au yametengenezwa na chanjo yake imekwisha kuwekwa ghalani ikingoja wanunuzi. Na msikilizaji wa Kamachumu au wa Nshamba, mwenye migomba ya kupalilia na kahawa ya kuanika, hachagui sauti moja akaiacha nyingine, bali huzishika zote mbili kwa pamoja, hata asubuhi akanunua malimau na tangawizi kwa hofu, na jioni akawaambia wenziwe kwamba mambo hayo yote ni biashara ya wakubwa. Aghalabu sisi tuliosomea habari za maradhi ya kuenea tumezoea kulitazama jambo hilo kuwa ni upungufu wa elimu, ambao dawa yake ni kuongeza mabango na semina. Sikubaliani na hukumu hiyo, na naona kwamba imetugharimu sana, kwa sababu mtu uliyekwisha kumhesabu kuwa mjinga huoni tena haja ya kumsikiliza, wala yeye haoni haja ya kukuamini.

Liko jambo moja katika mkoa huu wa Kagera ambalo, kwa rai yangu, ndilo ufunguo wa mengine. Yalipozuka maradhi ya Marburg, mwaka 2023 na tena 2025, walioamini mwanzo ni wanakijiji, maana waliwaona jamaa na jirani zao wakitapika, wakitoka damu na kufa katika muda wa siku chache, na iliyokawia kusadiki, hususan katika mlipuko wa pili, ni ofisi. Lakini inapotangazwa homa ya mafua, mambo hupinduka: ofisi huamini kwanza, na kijiji hukataa. Sababu ya mpinduko huo haimo katika akili za watu, imo katika tabia ya maradhi yenyewe. Maradhi yanayoua wengi kati ya wachache hujitangaza yenyewe, ilhali yale yanayoua wachache kati ya wengi hayaonekani ila kwa hesabu, na hesabu haionekani ila na mwenye daftari.

Chukua mfano wa kukisia, ili jambo lenyewe lidhihiri. Iwapo homa mpya inamuua mtu 1 katika kila 1,000 wanaoiugua, na ikaingia katika kijiji chenye watu 3,000, ikawalaza theluthi yao, basi katika kijiji kizima atakufa mtu mmoja, na yamkini mtu huyo atakuwa ni bibi wa miaka 80, au mtoto mchanga, au mgonjwa wa siku nyingi ambaye kifo chake kilikuwa kikitazamiwa, na matangani watu watasema kwamba aliuawa na kichomi, au na uzee. Wale 999 walioiugua wakapona watakuwa ni mashahidi wa kweli, wasiosema uongo hata kidogo, kwamba homa hiyo iliwapata wakakohoa wiki moja ikawaacha. Lakini mkoa wa Kagera, ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu wanaokaribia milioni 3, kwa hesabu ile ile utakuwa umezika watu 1,000. Vifo hivyo 1,000 hakuna aliyeviona vikiwa pamoja, kwani kila kibanja kimezika wa kwake, na shahada ya kila mtu, ingawa ni ya kweli, imefanya ukweli mkubwa zaidi usionekane. Maradhi ya namna hii mtu wa kawaida hana njia ya kuyajua ila kwa kumwamini mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni yule yule aliyekwisha kuulizwa habari za Marburg, na kabla ya hapo habari za korona, na kabla ya hapo habari za UKIMWI.

Na homa ya mafua ina hila nyingine kwa watu wa Muleba, nayo ni kwamba hujificha nyuma ya malaria. Wilaya hii imepata kuonja milipuko mikali ya malaria, ule wa mwaka 2006 ukiwa miongoni mwa mibaya, na tangu hapo kila joto la mwili huitwa malaria hata kabla mgonjwa hajafika zahanati. Na akifika, kipimo cha haraka kikionyesha kwamba hana vijidudu vya malaria, mara nyingi huondoka na dawa mseto vile vile, kwa kuwa mganga hana jina jingine la kumpa wala kipimo kingine cha kumpimia. Mtu aliyepona mafua akiwa amemeza dawa ya malaria hawezi kulaumiwa akisema kwamba aliugua malaria.

Yaliyotokea mwaka 2009 yanafaa kukumbukwa kwa utaratibu. Tarehe 11 Juni mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba homa ya H1N1, iliyoitwa na watu homa ya nguruwe, imekuwa janga la dunia nzima. Mwisho wa mwezi huo ikabainika Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu, kwa mwanafunzi aliyetoka Uingereza, na mwezi wa Julai ikathibitishwa Dar es Salaam. Watu waliogopa miezi michache, kisha wakasahau. Lilipotangazwa kwisha kwa janga hilo, Agosti 2010, vifo vilivyothibitishwa na maabara ulimwenguni kote vilikuwa kama 18,500 tu, na huko Ulaya wabunge wa Baraza la Ulaya walisimama kulilaumu Shirika kwamba liliwatia watu hofu bure, na kwamba baadhi ya washauri wake walikuwa na mafungamano na watengenezaji wa dawa ambayo hayakuwekwa wazi. Lawama ile ya pili ilikuwa na hoja ndani yake, na Shirika lilistahili kuulizwa. Lakini mwaka 2012 wataalamu waliokaa wakakadiria upya walipata kwamba waliokufa katika mwaka wa kwanza wa homa ile walikuwa kati ya 151,700 na 575,400, na kwamba zaidi ya nusu yao walikufa Afrika na Kusini Mashariki mwa Asia. Maana yake ni kwamba wafu wa Ulaya walihesabiwa, na wafu wetu walizikwa na majina mengine. Kila nisikiapo mtu akisema kwamba homa ya nguruwe ilikuwa uzushi kwa sababu hakuna aliyekufa nayo huku, hukumbuka kwamba maneno yake yamejengwa juu ya maabara ambayo hatukuwa nayo.

Sasa tuitazame tarehe ya nchi, kwa maana shaka nayo ina nasaba yake. Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyevigundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882, alijishughulisha na tauni ya Kiziba, kaskazini ya Bukoba, miaka ya 1897 na 1898. Na miaka ya 1906 na 1907 alikuja katika ziwa, akapiga kambi visiwa vya Ssese, akawatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili, ambayo ina sumu ya zaranika ndani yake, akizidisha vipimo ili aone kama maradhi yatakoma, hata baadhi ya wagonjwa wakapofuka macho wasione tena. Upande wa Wajerumani nako, huko Kigarama katika Kiziba, kukawekwa kambi ya wagonjwa wa malale. Sidai kwamba mkulima wa leo wa Izigo anamkumbuka Koch. Nasema tu kwamba anayedhani shaka juu ya sindano ya mgeni imeletwa na simu za mkononi hajaisoma tarehe ya ziwa hili.

Kisha ikaja homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918, vita vikiwa vinamalizika, wapagazi waliosalia wakirejea makwao wamekonda, na watu wamekwisha dhoofika kwa njaa na kwa kunyang'anywa mifugo. Katika Afrika Mashariki homa ile ilifuata bandari, na kutoka bandari ikafuata reli na meli, maana njia zilizochukua askari na kahawa ndizo zilizochukua pia pumzi za wagonjwa. Na katika Tanganyika peke yake wako wanahistoria wanaokadiria kwamba iliua watu kati ya 50,000 na 80,000. Kwa maafa ya kiasi hicho, ni ajabu jinsi ilivyoacha kumbukumbu haba mno. Kizazi kile kilikuwa kimeona vita, njaa na ndui kwa mfululizo, na homa ya mafua ikazikwa pamoja na vifo vingine vya zama zile.

Lakini funzo kubwa kupita yote, na ambalo Muleba inalo kwa hakika kuliko mahali pengine popote Tanzania, ni la UKIMWI. Wagonjwa watatu wa kwanza waliotambuliwa nchini, mwaka 1983, walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, hapo Kamachumu, hospitali ya Kanisa la Kiluteri. Wakati ule hapakuwa na kipimo, wala jina la kitabibu halijafika. Watu waliyaita maradhi yale Juliana, kwa jina la vitambaa vya fahari vilivyokuwa vikivushwa kimagendo kutoka Uganda baada ya vita vya 1978 na 1979, na wengine wakasema kwamba wafanyabiashara wa Uganda waliodhulumiwa fedha zao wamewaroga wadeni wao. Wataalamu wengi, wa ndani na wa nje, waliyasimulia maneno hayo kwa masikitiko, kama ithibati ya ushirikina wa Wahaya. Nakuomba msomaji uyapime tena kwa insafu. Watu wale waliona kwamba maradhi yanafuata njia za biashara, kwamba yanawapata vijana wenye kusafiri na wenye fedha kabla ya wazee waliokaa nyumbani, kwamba yamevuka mpaka kutoka kaskazini, kwamba yanahusiana na maingiliano ya watu wa pande mbili. Katika hayo yote hawakukosea hata moja, na laiti angalikuwapo mtaalamu wa kuyaandika maneno yao bila kuwacheka, angalikuwa na ramani ya mlipuko miaka kadhaa kabla ya utafiti wa mwaka 1987, uliokuta kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi. Walikosea katika kueleza sababu, kama walivyokosea kwa muda matabibu wa Marekani waliodhani mwanzo kwamba ni maradhi ya kundi moja tu la watu. Kuona kwao kulikuwa sahihi, na kuona ndiko sehemu ngumu zaidi ya elimu hii.

Na nini kiliwageuza watu wa Muleba na Bukoba, hata wakaacha kulitaja jina la Juliana? Mabango yalikuja baadaye. Waliogeuka mwanzo waligeuzwa na wauguzi wa Ndolage, wa Rubya na wa Kagondo, watu wanaojulikana ukoo na kijiji, waliokuwa wakiwaogesha wagonjwa wale wale ambao jamaa zao waliogopa kuwagusa, na ambao walisema wazi kwamba hawana dawa. Tabibu anayekiri kwamba hana dawa, kisha akabaki kando ya kitanda, amejijengea heshima ambayo hakuna waraka wa serikali unaoweza kuinunua. Mayatima walioachwa na miaka ile leo ni watu wazima wenye watoto, na wao ndio wanaosikiliza redio habari za homa mpya zinapotangazwa. Yatupasa kukumbuka tunazungumza na nani.

Yaliyofuata katika zama za korona sina haja ya kuyasimulia kwa urefu, kwa maana kila mtu aliyaona. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kisha hesabu zikakoma kwa wagonjwa 509. Na tarehe 3 Mei, akiwa Chato, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya mkoa wetu, Rais John Magufuli akasema kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na majibu yakarudi kuwa zina maradhi. Watu wakajifukiza nyungu, wakasali, wakaendelea na masoko yao, na mwanzoni mwa 2021, watu wa hadhi walipoanza kufa kwa mfululizo, ikasemwa kwamba ni changamoto ya upumuaji. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya umma. Serikali ilifanya vyema kugeuka, tena kwa ujasiri. Nalaumu neno moja tu, kwamba raia aliyetii mwaka 2020 alipoambiwa mwaka 2021 atii kinyume chake, hakuna aliyemkalisha chini akamweleza ni kipi kilichobadilika, maradhi au maoni. Aliachwa afanye hesabu mwenyewe, na hesabu aliyoifanya ni kwamba maneno ya afya hufuata cheo cha msemaji. Mwenye kufikiri hivyo kutokana na aliyoyaona mwenyewe simwiti mjinga.

Ndipo tufike Marburg, mara mbili katika mkoa mmoja. Katikati ya Machi 2023 wizara ilisema kwamba kuna maradhi yasiyojulikana Bukoba Vijijini, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Tarehe 21 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni Marburg, akataja idadi ya wagonjwa na ya waliokufa, na kwamba miongoni mwao wamo wahudumu wa afya. Mnyororo wa maambukizi ulifuatwa hadi kwa mtu aliyekuwa amesafiri kutoka kisiwa cha Goziba. Watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa kila siku. Na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha, wagonjwa wakiwa 9 na waliokufa 6. Tazama utaratibu wa maneno: kwanza kulisemwa kwamba kuna kitu na hatujui ni nini, kisha kikatajwa kilipojulikana. Wiki ile ya kutojua, iliyosemwa waziwazi, ndiyo iliyofanya neno la Marburg lilipokuja lipokewe, kwa sababu watu wa Maruku walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba macho yao hayawadanganyi.

Linganisha na mlipuko wa pili, wa wilaya ya Biharamulo. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari kwamba kunashukiwa Marburg mkoani Kagera. Mara baada yake Waziri wa Afya wa wakati ule, Jenista Mhagama, akasema kwamba sampuli zimepimwa na hakuna aliyekutwa na virusi hivyo. Na tarehe 20 Januari, Dodoma, Rais Samia akiwa pamoja na mkuu wa Shirika, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba vipimo vya maabara tembezi ya Kabyaile, mkoani humu, vilivyothibitishwa baadaye Dar es Salaam, vimempata mgonjwa mmoja. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, waliothibitishwa walikuwa 2, na waliodhaniwa 8, na wote 10 walikuwa wamekwisha kufa. Inawezekana kabisa kwamba sampuli za kwanza hazikuwa na kitu, na kwamba waliosema hakuna walisema walichokiona kwenye karatasi. Lakini kati ya kusema "tulizopima mpaka leo hazina, tunaendelea kupima" na kusema "hakuna," pana umbali mkubwa, na katika siku zile chache za umbali huo wako waliofunga masanduku yao ya nguo, wako waliokwenda kwa mganga wa miti shamba, na wako waliojiambia kwamba kama Dodoma haisemi basi lazima ni baya sana. Hofu na inkari zote mbili zilizaliwa katika siku zile, na mama yao ni mmoja.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Afrika. Mwaka 1976, katika kambi ya Fort Dix huko Marekani, askari mmoja alikufa kwa homa ya nguruwe na wenziwe takriban 230 wakaambukizwa. Rais Gerald Ford akaamuru taifa zima lichanjwe. Watu zaidi ya milioni 40 wakachanjwa kuanzia Oktoba, na janga lenyewe halikuja. Yalipoonekana maradhi ya kupooza mishipa kwa baadhi ya waliochanjwa, mpango ukasimamishwa tarehe 16 Desemba, na miaka mingi baadaye Wamarekani walioambiwa habari za homa mpya waliwajibu matabibu kwa kuwakumbusha mwaka 1976. Taifa lenye maabara kila pembe liliingiwa na shaka ile ile, kwa sababu ile ile.

Nimesema mengi kuwatetea wenye shaka, na yanipasa sasa kuweka mpaka, kwa sababu siko tayari kuwatetea wenye inkari. Mwenye shaka huuliza: mmejuaje? mmepima wangapi? nani amekufa? Maswali hayo ni haki yake, na akijibiwa hutulia, au huuliza jingine. Mwenye inkari hana swali; ana jawabu alilokuja nalo, na kila ithibati unayompa huifanya kuwa dalili ya njama. Wa kwanza ni wengi, wa pili ni akali, lakini sauti za akali hao ndizo zinazosafiri kwenye simu, na madhara yake si ya maneno matupu. Homa ya mafua haiwaui wanaoikana. Aghalabu wanaoikana ni wanaume wenye afya, wenye vifua vipana, ambao watakohoa siku nne na kurudi kwenye mitumbwi. Inawaua wale wanaoletewa nyumbani, mke mwenye mimba ya miezi saba, mtoto ambaye hajatimiza mwaka, mama mzee, ndugu anayeishi na virusi vya UKIMWI aliyesahau dawa zake mwezi mzima. Kwa mwaka wa kawaida, usio na homa mpya yoyote, mafua ya msimu huua ulimwenguni kati ya watu 290,000 na 650,000. Nimewasikia watu wakisema "ni mafua tu," nami hutamani neno hilo "tu" likatamkwe wodini, mbele ya mama ambaye mtoto wake anavuta pumzi kwa mbavu.

Kwamba watu wa Muleba wanaweza kuamini, tena wakaamini kwa faida ya ulimwengu, ni jambo lisilohitaji kubishaniwa, maana limekwisha tokea. Ilipoonekana kwamba mbu wa wilaya hii wamezizoea dawa za vyandarua vya kawaida, wakafanya kulala ndani ya chandarua kusiwe na kinga ya kutosha, wataalamu walikuja na jaribio: vijiji vikagawanywa katika makundi 48, baadhi vikapewa vyandarua vya kawaida, na baadhi vyandarua vyenye dawa ya pili iitwayo PBO ambayo huvunja ukinzani wa mbu. Watu walikubali kugawiwa kwa kura, wakakubali nyumba zao zitembelewe na damu za watoto wao zipimwe mara kwa mara. Matokeo yalikuwa dhahiri hata mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake, na leo mamilioni ya watoto wa Afrika wanalala ndani ya vyandarua ambavyo ubora wake ulithibitishwa katika vibanja vya Muleba. Kwa nini waliamini? Nadhani ni kwa sababu walipewa kitu mkononi, hawakuombwa damu tu, waliofika nyumbani mwao walirudi tena na tena wakawa wanafahamika, na homa za watoto zilipungua mbele ya macho yao. Mambo hayo matatu hayamo katika waraka wa kutangaza homa mpya, ambao huomba kila kitu na hauleti chochote ila nambari ya simu ya kupiga.

Na bado tunayo sehemu ya elimu ambayo wenyeji wanaijua kuliko sisi, nayo ni ziwa. Januari 2017 ndege wa mwituni walikufa kwa wingi katika fukwe za Uganda, Lutembe karibu na Entebbe na upande wa Masaka, na uchunguzi ukaonyesha ni homa ya mafua ya ndege ya aina ya H5N8. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka huko. Haikumpata mtu, kwa rehema za Mungu. Lakini ndege hao hawana pasi ya kusafiria, na kutoka Masaka hadi visiwa vyetu vya Bumbire na Goziba si mbali kwa mwenye mbawa. Homa mpya ikitaka kutujia kwa njia hiyo, wa kwanza kuiona hatakuwa waziri wala daktari wa wilaya, atakuwa ni mvuvi atakayekuta ndege wanaelea asubuhi, au mama wa kisiwani ambaye kuku wake wote wamekufa usiku mmoja, na yeye ndiye atakayeamua, kwa kumbukumbu alizonazo, kama aseme au awanyonyoe kuku hao awapike.

Tangu mwaka 2008 nchi ina vituo teule vya kuichunguza homa ya mafua, ambako wagonjwa huchukuliwa ute wa pua na koo, miongoni mwavyo Sekou Toure ya Mwanza na Haydom ya Manyara, na kazi hiyo ni njema. Ninaloliomba ni kwamba kila ute unaochukuliwa katika pua ya mtu wa Kagera, iwe kwa mafua au kwa lolote lile, urejeshewe majibu kwa mwenye pua hiyo, kwa jina lake na kwa lugha anayoifahamu, kwa mkono wa mhudumu wa afya wa kijiji chake, hata kama majibu yenyewe ni kwamba hakikuonekana kitu. Na kila Ijumaa ubao wa zahanati uandikwe ni wangapi waliokuja na kikohozi na homa wiki hiyo, wangapi walipimwa malaria wakakutwa hawana, na wangapi wamelazwa Rubya, Kagondo au Ndolage. Gharama yake ni chaki na mtu wa kuandika. Uandikwe wakati huu ambapo hakuna homa yoyote mpya iliyotangazwa, ili watu wauzoee, wazijue hesabu za wiki ya kawaida, na siku hesabu hizo zitakapopanda wazione wenyewe kabla ya redio kusema.